Uzi: Subhas Chandra Bose na Jeshi la Azad Hind, ni nani hasa aliyejitolea?

Mleta uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa wapigania uhuru unapofika pale pa kuuliza kama inafaa kushirikiana na dhalimu mmoja ili kumfukuza mwingine, jina la Subhas Chandra Bose hutajwa, na kila mara mjadala hufungwa mapema. Upande mmoja humwita Netaji, yaani kiongozi, na kumpandisha juu ya Gandhi. Upande wa pili humwita kibaraka wa Hitler na wa Tojo, waziri mkuu wa Japani wakati wa vita, kisha watu hutawanyika. Naomba safari hii tumweke kando kidogo yeye mwenyewe, tulitazame jeshi lake, kwa sababu jeshi hilo lilisifiwa kuwa la watu waliojitolea, nami naona neno hilo moja ndilo linalobeba uzito wa hukumu yoyote tutakayompa.

Kwa wasiomfahamu: alikuwa mpigania uhuru wa India, alizaliwa Cuttack tarehe 23 Januari 1897, akasoma Cambridge, akawa wa nne katika mtihani wa mwaka 1920 wa kuingia utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni, na mwaka uliofuata akaukataa utumishi huo. Aliongoza Congress, chama kilichodai uhuru wa India, mwaka 1938, akachaguliwa tena mwaka 1939 kwa kumshinda mgombea aliyependwa na Gandhi, kisha baada ya miezi michache akajiuzulu kwa kuwa wakubwa wa chama walikataa kufanya kazi naye. Lengo lao lilikuwa moja. Walichogombania ni njia na wakati. Bose aliamini kwamba vita vya panzi ni neema ya kunguru, na kwamba India haikuwa na sababu ya kumsubiri Mwingereza amalize shida zake ndipo imdai uhuru. Januari 1941, akiwa chini ya ulinzi nyumbani kwao Calcutta, alitoroka usiku kwa gari lililoendeshwa na mtoto wa kaka yake, akajifanya wakala wa bima aitwaye Muhammad Ziauddin, akapenya hadi Kabul, na kutoka huko akapitia Moscow kwa pasipoti ya Kiitaliano hadi Berlin.

Huko Ujerumani ndiko alikojaribu kwanza kuunda jeshi. Askari wa Kihindi waliotekwa Afrika Kaskazini wakitumikia Uingereza walishawishiwa kujiunga na Legioni ya India Huru, wakapatikana kama 3,000, nao wakaapa kiapo cha ajabu kilichomtaja Hitler kuwa amiri wa majeshi ya Ujerumani na Bose kuwa kiongozi wa India katika sentensi hiyo hiyo moja. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na Berlin ilikuwa mbali mno na Delhi. Februari 1943 Bose alipanda nyambizi ya Kijerumani huko Kiel, akazunguka Afrika nzima chini ya maji, na mwezi Aprili, kusini-mashariki ya Bukini kama wazee wa pwani walivyoiita Madagascar, akavuka kwa kimashua cha mpira katika bahari iliyochafuka na kuingia nyambizi ya Kijapani. Aliwaacha wale 3,000 nyuma. Wakaishia kulinda pwani za Uholanzi na Ufaransa, na mwaka 1944 wakahamishiwa chini ya SS, jeshi la chama cha Hitler, wakiwa wamejitolea kuikomboa India ambayo hawakuikaribia hata kwa hatua moja. Wanaomsifu Bose huwa hawapendi kukaa kwenye ukurasa huu.

Sasa tuje Singapore, ambako ndiko penye mambo. Jeshi la Taifa la India, ndilo hilo la Azad Hind yaani India Huru, halikuanzishwa na Bose. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942, na siku mbili baadaye mateka wa Kihindi zaidi ya 40,000 walikusanywa katika uwanja wa Farrer Park, wakiwa wametenganishwa na maofisa wao wa Kiingereza. Hapo wakahutubiwa na Meja Fujiwara Iwaichi wa Japani, kisha na Kapteni Mohan Singh, Kalasinga mwenzao aliyekuwa ametekwa kaskazini mwa Malaya, wakaambiwa kwamba anayetaka kupigania uhuru wa nchi yake aje upande huu. Jiweke katika nafasi ya askari yule: waliomwapisha wamejisalimisha, mbele yake kuna mshindi mwenye bunduki, nyuma yake kuna kambi ya mateka, na anayemshawishi ni ndugu yake anayesema lugha yake. Maelfu walikubali, na maelfu wengine walikataa. Miongoni mwa waliokubali wapo waliokuwa na uchungu wa kweli na Mwingereza aliyewabagua hata katika mishahara na vilabu vya maofisa, wapo waliotaka kuwakinga askari wao dhidi ya Wajapani, na wapo waliotaka kula tu. Wanaoliita jeshi hilo kibaraka tupu wakumbuke pia kwamba Mohan Singh alipogundua Wajapani wanataka kuwatumia bila kuwaheshimu alilivunja mwenyewe Desemba 1942, akawekwa kizuizini hadi mwisho wa vita.

Bose alifika Singapore tarehe 2 Julai 1943, akakuta jeshi limelala. Alilofanya ni kuwageukia raia, na hapa ndipo ninapoona ubora wake na tatizo lake pamoja. Malaya ilikuwa imejaa Watamil waliopelekwa na Waingereza katika mashamba ya mpira, watu ambao sisi tuliokulia Tanga tunawajua bila kuonyeshwa picha, kwa maana walikuwa manamba: wanaishi katika safu za nyumba za shamba, wanaamkia kazini kwa kengele, na mnyapara ndiye serikali yao. Kwa ofisa wa Kipunjabi wa jeshi la zamani, Mtamil wa shambani hakuwa mtu wa kupewa bunduki, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamewagawa Wahindi katika makabila ya kivita na yasiyo ya kivita, na mgawanyo huo ulikuwa umewaingia wenyewe vichwani. Bose aliwapa bunduki, akawapa sare na cheo, akawahutubia kwa Kihindustani huku mtu akiwatafsiria kwa Kitamil, akawaambia kwamba Delhi ni yao pia, ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona. Raia walioingia jeshini kwa njia hiyo walikuwa maelfu mengi, na jeshi zima likakaribia watu 40,000.

Aliunda hata kikosi cha wanawake, Kikosi cha Rani wa Jhansi, kwa jina la malkia aliyekufa akipigana na Waingereza mwaka 1858, chini ya daktari kijana aitwaye Lakshmi Swaminathan. Mamia ya wanawake hao walikuwa wasichana wa mashambani ambao mnyapara wao wa jana asingethubutu kuwatazama usoni baada ya kuwaona na bunduki begani. Hawakupelekwa mstari wa mbele kama walivyotaka. Wengi walihudumia majeruhi Burma. Lakini jeshi lilipokimbia Rangoon mwishoni mwa Aprili 1945, Bose alikataa kuondoka kabla yao na akatembea nao kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kuelekea Siam, Thailand ya leo.

Jambo jingine ambalo hata maadui zake walilikiri ni jiko. Katika jeshi la Waingereza Mhindu, Mwislamu na Kalasinga walipikiwa mbalimbali. Katika jeshi la Bose walikula pamoja. Makuhani wa hekalu la Wachettiar, matajiri wa Singapore, walipomwalika kwenye ibada ili wampe mchango, alijibu kwamba hataingia mahali ambapo maofisa wake wa dini na tabaka nyingine hawaruhusiwi, nao wakakubali waingie wote. Kaulimbiu ya jeshi ilikuwa ya Kiurdu, Ittehad, Itmad, Qurbani, maana yake umoja, imani na lile la tatu ambalo Mswahili hahitaji mkalimani.

Sasa swali langu. Manamba wa Malaya waliojiunga mwaka 1943 walikuwa na njia gani nyingine? Mpira haukuwa na mnunuzi kwa sababu ya vita, mashamba yalikuwa na njaa, na Wajapani walikuwa wakiwakusanya Watamil kwa hila na kwa nguvu kwenda kujenga reli ya Siam na Burma, ambako makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia walikufa kwa kipindupindu, kazi na viboko. Aliyevaa sare ya Azad Hind alikuwa na kinga fulani dhidi ya reli. Je, huyo alijitolea kwa ajili ya India, au alikimbia kifo kilichokuwa karibu akaelekea kilichokuwa mbali kidogo? Mimi ninaamini yote mawili yalikaa katika kifua kimoja, na kwamba Bose alilijua hilo vizuri.

Karibuni.

Mchangiaji wa pili, Mombasa:

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa utulivu, lakini naona umempitisha Bose mlango wa nyuma. Umetaja reli ya mauti katika sentensi moja kana kwamba ilikuwa hali ya hewa. Waliojenga reli ile kwa viboko ndio waliomlisha, wakampa ndege, wakamlindia hotuba zake. Je, alisema neno lolote hadharani juu ya Watamil waliokuwa wakifa humo? Alipokuwa Berlin mwaka 1941 na 1942, alisema nini juu ya Mayahudi? Na huko Andaman, ambako alipandisha bendera tarehe 30 Desemba 1943 akaambiwa visiwa sasa ni vyake, wafungwa wa Kihindi walikuwa wakiteswa na Wajapani katika jela ile ile waliyojenga Waingereza. Alitembezwa, akaonyeshwa alichoonyeshwa, akaondoka. Mwezi mmoja baadaye raia 44 wakapigwa risasi kwa tuhuma za upelelezi. Kiongozi anayekabidhiwa nchi kwa karatasi huku watu wake wakiuawa na mkabidhi, mimi simwiti mkombozi.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Mombasa, hapo umenishika, wala sitajitetea kwa maneno mengi. Kimya chake juu ya reli ndicho doa kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko kukutana kwake na Hitler Mei 1942, ambako hakuondoka na lolote la maana. Kwa Hitler alikwenda kuomba tamko la uhuru wa India, akanyimwa. Kwa Wajapani alipewa tamko, akapewa serikali ya muda iliyotangazwa Singapore tarehe 21 Oktoba 1943 na kutambuliwa na mataifa tisa, yote ya upande wa Ujerumani na Japani, na deni lake likalipwa kwa ulimi wake.

Ila nisingependa tumfanye mtu asiye na akili. Alipinga mara kadhaa Wajapani walipotaka kulitumia jeshi lake kama wabeba mizigo na wapelelezi tu, akasisitiza kwamba damu ya kwanza itakayomwagika katika ardhi ya India iwe ya Wahindi. Hata sera yake ya ndani ya India ilikuwa na shida kwa mtu anayependa demokrasia, maana tangu miaka ya 1930 aliandika waziwazi kwamba anataka mchanganyiko wa ufashisti na ukomunisti, na kwamba India baada ya uhuru ingehitaji mkono wa chuma kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kushirikiana kwake na Mhimili, yaani upande wa Ujerumani na Japani, hakukuwa bahati mbaya ya mfa maji peke yake. Yako mambo katika tawala zile aliyoyapenda.

Tuongeze upande wa pili wa mizani. Jeshi la India la Mwingereza lilifikisha watu milioni mbili na nusu, wote kwa sheria wakiwa wa kujitolea, bila kuandikisha kwa lazima hata mmoja. Mwaka 1943 njaa ya Bengal iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu. Ukiwa kijana wa kijijini mwaka ule, mshahara wa askari ni neno linalotosha kukutoa nyumbani. Basi pale Imphal, kaskazini-mashariki mwa India, ambako Wajapani na jeshi la Bose walishambulia mwaka 1944, walikutana Wahindi waliojitolea kwa ajili ya mfalme na Wahindi waliojitolea kwa ajili ya taifa, na huenda tumbo ndilo lililowaandikisha wengi wa pande zote mbili.

Mchangiaji wa tatu, Songea:

Niruhusuni niingie kwa mlango wa babu. Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 wakati wa mvua, ikiwafukuza Wajapani waliovunjika Imphal, hadi Kalewa ilipochukuliwa Desemba na Waingereza wakajenga daraja refu la chuma juu ya mto Chindwin. Bonde hilo lilikuwa limekwisha kupewa jina la Bonde la Mauti. Babu alisimulia matope yanayomeza nyumbu hadi shingoni, ruba, na maiti zilizokaa kando ya njia kana kwamba zinapumzika. Kwake yeye wote walikuwa “Wajapani”. Ni baada ya kusoma mwenyewe ndipo nilipotambua kwamba mabaki ya brigedi moja ya Bose, iliyokuwa milima ya Wachin chini ya Shah Nawaz Khan, yalirudi nyuma yakipitia Kalewa hiyo hiyo, bila chakula, bila dawa, wengi wakifa kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Kwa hiyo huenda baadhi ya wale waliokaa kando ya njia hawakuwa Wajapani.

Nilipokuwa kijana nilimuuliza babu kama alijitolea. Akacheka, akasema: “Jumbe alitaja jina langu, nami nikaitika.” Katika vitabu vyao ameandikwa kuwa wa kujitolea.

Mchangiaji wa nne, Dodoma:

Mimi ni mtu wa sheria, na kinachonivutia ni kesi ya maofisa wa jeshi la Bose katika Ngome Nyekundu ya Delhi, iliyoanza Novemba 1945. Waingereza walichagua washtakiwa watatu wa kwanza: Shah Nawaz Khan, Mwislamu, Prem Sahgal, Mhindu, na Gurbaksh Singh Dhillon, Kalasinga. Sijui ni mshauri gani aliyewapa wazo hilo, maana kwa uteuzi mmoja waliziunganisha jumuiya zote tatu barabarani. Nehru, kiongozi wa Congress, aliyekuwa amesema hapo awali kwamba Bose akija na Wajapani atampinga, alivaa joho lake la uwakili aliloliacha miaka mingi na kuketi upande wa utetezi, ingawa mzigo wa hoja aliubeba wakili Bhulabhai Desai. Hoja yake ilikuwa kwamba watu waliotawaliwa wana haki ya kupigana vita, na kwamba askari wa serikali iliyotangaza vita hawezi kuitwa mhaini. Walihukumiwa uhamisho wa maisha, na siku chache baadaye jemadari mkuu Auchinleck akawaachia, kwa kuwa alijua hukumu hiyo ingelivunja jeshi alilobaki nalo. Februari 1946 mabaharia wa Bombay wakaasi.

Lakini soma mashtaka yote, mleta uzi, maana yanahusu swali lako. Mbali na kupigana dhidi ya mfalme, walishtakiwa pia kwa vifo vya askari wao wenyewe waliojaribu kutoroka kwenda upande wa Waingereza. Umati haukuimba habari hiyo.

Mleta uzi:

Ahsante, mwanasheria. Hiyo ndiyo sehemu niliyotaka mtu aifikie bila mimi kumsukuma. Kila jeshi huwaadhibu wanaotoroka, lakini hoja nzima ya jeshi hili ilikuwa kwamba kila mtu yumo kwa hiari yake. Askari aliyejiunga ili atoke kambi ya mateka, akafikishwa karibu na mstari wa Waingereza, akaona mwanya, kisha akakamatwa, alikuwa ametumia hiari ileile iliyosifiwa alipoingia. Inaonekana hiari hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu.

Kuhusu Nehru, uchungu mwingine ni kwamba baada ya 1947 serikali yake haikuwarudisha askari hao katika jeshi la India huru. Pensheni ya wapigania uhuru walianza kuipata mwaka 1972. Na wale waliokula sufuria moja waligawanywa na mpaka mpya: Shah Nawaz Khan alichagua India na kuwa waziri mdogo, ilhali Mohammed Zaman Kiani, aliyeiongoza divisheni ya kwanza ya Bose pale Imphal, alichagua Pakistani, na mwishoni mwa 1947 akawa anaongoza wapiganaji dhidi ya India huko Kashmir.

Mchangiaji wa tano, Muscat:

Mbona hakuna anayegusa kifo chake? Wengine husema hakufa katika ajali ya ndege.

Mleta uzi:

Ndege ilianguka Taihoku, leo Taipei, tarehe 18 Agosti 1945, akafa kwa majeraha ya moto usiku huo, na majivu yake yamo hekalu la Renkoji, Tokyo. Tume mbili za India, ya 1956 na ya miaka ya 1970, zilikubali hivyo. Ya tatu, mwaka 2005, ikakataa, nayo serikali ikaikataa ripoti hiyo. Mimi naungana na zile mbili, na sioni kwamba kufufuka kwake kungebadili lolote katika tunayoyajadili.

Mchangiaji wa tatu, Songea:

Swali moja la mwisho, mleta uzi. Wale waliokataa pale Farrer Park mwaka 1942 waliishia wapi?

Mleta uzi:

Wengi walibaki kambini Singapore na Malaya, wakafanyishwa kazi za sulubu. Maelfu walipakiwa melini kupelekwa New Guinea na visiwa vya jirani, wakabebeshwa mizigo ya Wajapani msituni, wakapigwa, wakanyimwa chakula, na wengi walikuwa wamekufa kabla Waaustralia hawajafika mwaka 1945. Walikataa mara moja, wakiwa wamesimama juani bila ofisa wao hata mmoja, na katika uzi huu wote mimi mwenyewe nimewapa nusu sentensi.